Padi ya Pili ya Bi Mwanaheri

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia. Swali lenyewe limenishinda mimi. Huu ni mwaka wa pili ninalibeba, na kila ninayempa ananirudishia.

Korogwe, mtaa ulio nyuma ya stesheni ya reli, palikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Wa kwanza ni Kibwana Mhando, na kipawa chake kilikuwa masikio. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi reli. Treni ikisimama, yeye alipita kando ya mabehewa na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima huimba, lenye ufa hukohoa. Abiria waliomwona dirishani walidhani ni mtu asiye na kazi anayepiga vyuma kupoteza muda, kumbe walifika salama kwa sababu yake. Sasa amestaafu, mkewe Mwanjaa amefariki, na masikio yale yamebaki ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Anasikia bati likijinyoosha jua likizidi. Anasikia mchwa kwenye fremu ya mlango. Anasikia majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta, na kila neno la kichekesho analipata, ila hakuna wa kumgeukia acheke naye. Niseme kweli, masikio kama hayo ni adhabu kwa mtu anayeishi peke yake.

Wa pili ni Nesi Zubeda, na kipawa chake kilikuwa vidole. Alikuwa mkunga wa zahanati. Akiweka kiganja juu ya tumbo la mama mjamzito, alijua mtoto kalalaje, kichwa kiko wapi, na kama kuna jambo la kuwahi hospitali kubwa. Nusu ya vijana unaowaona sokoni walipita mikononi mwake kabla hawajapita mahali pengine popote duniani. Wakikutana naye wanasema, "Shikamoo, Nesi," huku miguu inaendelea na safari. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Wa tatu ni Semkiwa, mwenye macho. Huyu alikuwa mshika kibendera kwenye mechi za ligi ya mkoa. Mchezaji akizidi kwa upana wa kidole, kibendera kiko juu. Hakuwahi kukosea na hakuwahi kupendelea, na ndiyo maana hakuna timu hata moja iliyowahi kumpenda. Alizoea kusema lililo sawa mpaka watu wakaacha kumwalika, kwani nani anataka kunywa chai na mtu atakayemwambia kwamba kikombe kina ufa?

Sasa niwape habari za Bi Mwanaheri, maana bila yeye hawa watatu wasingekutana.

Bi Mwanaheri alikuwa na miaka sabini na miwili, na alikuwa mcheza gemu. Msicheke. Alifundishwa na mjukuu wake, Sikudhani, aliyemlea tangu akiwa mdogo. Sikudhani alinunua mashine ya gemu iliyotumika, ya zamani, yenye padi mbili za waya. Padi ni kile kidude cha kushika kwa mikono miwili, chenye vitufe vya kubonyeza na vijiti vya kusukuma kwa vidole gumba. Kila siku baada ya swala ya alasiri, bibi na mjukuu walikaa mbele ya televisheni wakacheza mpira mpaka magharibi. Walitaniana, wakanuniana, wakapatana. Na kama ilivyo kwa wacheza gemu wote, aliyefungwa alisema hivi: "Padi yangu mbovu." Nyumba ile ilikuwa na sheria yake: anayelalamikia padi wabadilishane, wacheze tena. Miaka minne wakibadilishana, na bibi akifungwa na padi zote mbili.

Kisha Sikudhani akapata nafasi ya kusoma Uturuki, akaondoka. Mashine akamwachia bibi yake. "Utapata watu wa kucheza nao, Bibi," alisema. "Mtaa mzima unaipenda hii."

Watu walikuja kweli. Alikuja jirani wa kulia, akakalia kiti cha pili, akashika padi ya pili, akafungwa manne bila. Akasema, "Bi mkubwa, padi hii mbovu." Bi Mwanaheri akacheka mpaka kitenge kikamvuka begani. Miaka minne alikuwa akilisema neno hilo yeye mwenyewe, angeliaminije kinywani mwa mtu mwingine? Hata sheria ya kubadilishana aliisahau kwa kicheko. Jirani akaona anadhihakiwa, akaondoka, hakurudi. Akaja wa kushoto, mambo yakawa yale yale. Baada ya mwezi mmoja hakuna aliyebisha hodi. Siku moja, kwa upweke tu, Bi Mwanaheri alikaa kwenye kiti cha mjukuu wake akaishika padi ya pili mwenyewe. Alipobonyeza kitufe cha kupiga shuti, mchezaji alisimama na mpira kama mtu aliyesahau alichoendea jikoni. Hapo akajua kwamba majirani walisema kweli, na kwamba amewafukuza watu wema kwa kucheka.

Aliwaomba radhi. Wakampokea vizuri, lakini kucheza hawakurudi tena.

Alibaki akicheza na mashine. Sasa mashine ni mchezaji hodari, lakini ukiifunga haikasiriki, na ikikufunga haikutambii. Hakuna raha ya kuishinda wala uchungu wa kushindwa nayo. Bi Mwanaheri akaifunga padi ya pili kwenye leso akaipeleka sokoni kwa fundi simu anayeitwa Kaniki.

Kaniki alikaa nayo siku tatu, akamrudishia. "Bi mkubwa, ubovu wake unakuja na kuondoka. Nikiifungua naiona nzima. Mimi kuchomelea na kubadilisha vifaa najua, vipuri ninavyo, na kwako sitaki hata senti. Lakini lazima nijue ubovu uko wapi. Mgonjwa umeniletea, ugonjwa hujaniletea."

Hawa watatu wetu walikuwa pale pale kibandani. Mtu mpweke simu yake huharibika mara kwa mara, hamjaligundua hilo? Nesi Zubeda alileta ya kwake ibadilishwe kioo ambacho kilikuwa hakijapasuka sana. Semkiwa alikuja kusimamia kioo cha simu yake kiwekwe bila kupinda. Na Kibwana alileta simu ambayo ilikuwa haijalia kwa siku tisa, akaomba kengele yake ipimwe. Kaniki akaipigia kwa simu yake mwenyewe. Ikalia, safi kabisa. "Haina ubaya, mzee," Kaniki alisema. Kibwana akaipokea akaitia mfukoni, akatazama chini.

Bi Mwanaheri aliyaona hayo. Akainua padi yake, akasema mbele ya wote, "Atakayeupata ubovu wa kitu hiki, kiti cha pili ni chake. Kila siku baada ya alasiri, chai, mihogo ya kukaanga na mpira mpaka magharibi. Leo, kesho, na kila siku Mungu atakayotupa. Ila ni mtu mmoja tu."

Wote watatu wakasema watakuja kuipima. Hakuna aliyesubiri mwenzake amalize kusema.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumatatu. Walikaa wanne sebuleni, padi ikapitishwa mkono kwa mkono, kila kitufe kikabonyezwa. Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Padi ilipofika kwa Kibwana, alifumba macho akabonyeza kitufe kimoja baada ya kingine, kama alivyokuwa akigonga magurudumu. Kitufe cha kwanza kikasema *ti*. Cha pili *ti*. Cha tatu *ti*. Cha kupigia shuti kikasema *ti*, kikakaa kidogo, kikaongeza sauti nyingine ndogo, nyembamba, ya kitu kinachorudi mahali pake kwa kuchelewa. Kwa masikio ya Kibwana ilikuwa wazi kama mlango ulioachwa nusu. Mpira mdogo ulio chini ya kitufe umechanika. Alijua hivyo kabla chai haijapoa.

Alifumbua macho. Nesi Zubeda alikuwa akimenya mhogo, akimsimulia Bi Mwanaheri habari za mama mmoja aliyejifungua pacha ndani ya ofisi ya mkuu wa stesheni. Semkiwa alikuwa akimsahihisha kwamba haikuwa ofisi, ilikuwa chumba cha mizigo. Bi Mwanaheri alikuwa akicheka. Kibwana alifikiria nyumba yake, mchwa kwenye fremu na kicheko cha upande wa pili wa ukuta. Akisema sasa, huenda kiti kikawa chake, lakini wale wawili wataenda zao na mazungumzo haya yataisha leo.

"Vipi, kaka Kibwana?" Semkiwa aliuliza. "Umesikia kitu?"

"Bado," alisema Kibwana. "Tupime tena kesho."

Wakapima kesho yake.

Siku ya tatu Semkiwa alisema waiweke padi juu ya meza, na mtu asiiguse. Wakamweka mchezaji mmoja katikati ya uwanja wa mazoezi. Watatu wengine walitazama wakaona amesimama kama nguzo. Semkiwa alikata kipande cha karatasi, akakibandika kwenye kioo cha televisheni sambamba na kiatu cha mchezaji, akawaambia wasubiri. Walisubiri mpaka chai ikaongezwa mara ya pili. Kiatu kikawa kimevuka karatasi kwa unene wa ukucha.

"Anavutwa kushoto," Semkiwa alisema. "Kijiti hakirudi katikati sawasawa. Ndiyo maana pasi zote zilikuwa zinatoka nje." Padi ikaenda kwa Kaniki, kijiti kikabadilishwa. Ikarudi, lakini ubovu ulikuwepo bado. Mara ilizimika kabisa katikati ya mchezo, mara ikakataa shuti.

Siku ya saba ilikuwa ya Nesi Zubeda. Aliomba feni izimwe na watu wanyamaze. Akaupitisha waya wa padi katikati ya kidole gumba na cha shahada, taratibu, shibiri kwa shibiri, uso ameugeuzia ukutani. Karibu na pale waya unapoingia kwenye padi alisimama. Akarudi nyuma kidogo, akaja tena. "Hapa," alisema. "Nje mzima, ndani umekatika. Unajigusa na kuachana. Mtu akikunja mkono hivi unazimika, akinyoosha unawaka." Kaniki alipoupasua waya alikuta uzi wa shaba umekatika pale pale, akaunga. Padi ikaacha kuzimika. Shuti peke yake likabaki kuwa na hiari yake.

Siku ya nane wakapima. Ya tisa wakapima, wakala mihogo, Semkiwa akasimulia jinsi alivyowahi kufukuzwa uwanja mzima kwa sababu ya kibendera kimoja, na hata yeye akacheka. Siku ya kumi Kibwana alifika kabla ya swala, akaambiwa akasali kwanza ndipo aje. Kila siku alibonyeza, kila siku alisikia ile sauti ndogo ya pili, na kila siku alisema bado. Usiku hakulala vizuri. Alijua ni uongo, na alijua ni wa nani.

Siku ya kumi na moja Bi Mwanaheri hakukaanga mihogo. Waliikuta mashine imefungwa ndani ya boksi lake.

"Nawashukuru," alisema. "Mmenisumbukia sana. Nimechoka kuitazama. Kesho nampa mtu aondoke nayo, nisiwe nakaa hapa kila siku kukitazama kiti cha yule mtoto."

Kibwana alilitazama lile boksi. Kama angenyamaza, angepoteza siku hizi. Kama angesema, angezipoteza pia, labda na kiti chenyewe kwa kuchelewa kwake. Lakini Bi Mwanaheri angepoteza kila kitu, naye hakuwa na kosa lolote.

"Ifungue, bi mkubwa," alisema. "Ni mpira ulio chini ya kitufe cha shuti. Umechanika."

Kaniki akaubadilisha asubuhi. Jumamosi alasiri wakakutana wote wanne. Padi ya pili ikapimwa mezani, mchezaji hakusogea. Waya ukakunjwa na kunyooshwa, haikuzimika. Kitufe kikabonyezwa mara mia moja, mashuti mia moja yakatoka. Ikawa nzima kama siku iliyotoka dukani.

Hapo ndipo furaha ilipoisha, kwa sababu ahadi ilikuwa ya mtu mmoja.

"Bi mkubwa, mimi ndiye niliyeona wa kwanza," Semkiwa alisema. "Nilipoona nilisema, sikungoja kesho. Kabla yangu hata Kaniki hakuwa na pa kushika."

Nesi Zubeda alisema, "Mimi ubovu wangu haukuonekana wala kusikika. Bila vidole hivi ungekuwa unazimika mpaka leo, na kijiti chako kipya kisingekusaidia, Semkiwa." Kisha akapunguza sauti. "Dada Mwanaheri, lakini kwani lazima achaguliwe mmoja? Mafiga matatu ndiyo huinjika chungu. Tuje kwa zamu, au tuje wote tukae kama hivi."

Bi Mwanaheri alitikisa kichwa. "Nimezaa watoto watatu, Zubeda. Mmoja yuko Dodoma, mmoja Tanga mjini, mmoja Mwanza. Wote wananipenda, Mungu shahidi. Na kila mmoja anaamini kwamba wiki hii mwenzake amenipigia. Nyinyi pia mtakuja wote wiki ya kwanza. Wiki ya pili kila mmoja atasema leo yupo fulani. Halafu itafika siku nimepika chai ya watu wanne, nainywa peke yangu. Nataka mtu mmoja anayejua kwamba asipokuja yeye, basi hakuna aliyekuja."

Nesi Zubeda alifuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

"Na wewe Kibwana, mbona husemi?" Bi Mwanaheri aliuliza. "Wewe ndiye uliyemaliza kazi. Bila wewe ningeshaigawa."

Angeweza kuitikia na kukaa kimya. Kibwana aliiweka mikono yake juu ya magoti. "Sikumaliza kazi, bi mkubwa. Niliichelewesha. Nilisikia tangu Jumatatu ya kwanza."

"Jumatatu ipi?" Semkiwa aliuliza.

"Siku ya kwanza. Kabla chai haijapoa."

Semkiwa alisimama. "Siku kumi umetukalisha hapa, unajua na unasema bado? Mimi nimekesha nikiwaza kitufe kile. Huyu mama alifikia kufunga vitu vyake kwenye boksi. Huo si uungwana, kaka."

"Si uungwana," Kibwana alikubali.

"Semkiwa, keti," alisema Nesi Zubeda. "Amekosa, sikatai. Lakini angesema siku ile ile, Kaniki angebadilisha mpira, tungeona bado inazimika na kuvuta, tungechoka wote Jumanne. Hizo siku kumi mimi nilikula na watu. Sikumbuki mara ya mwisho nilikula na watu siku kumi mfululizo. Wewe je?"

Semkiwa aliketi.

Bi Mwanaheri alimgeukia Kibwana. "Siku zote hizo," aliuliza, "ukiwa umekaa hapo umefumba macho, ulikuwa unasikiliza nini kama kitufe ulishakisikia?"

"Nilikuwa nawasikiliza mkiongea," alisema.

Bi Mwanaheri aliivuta padi ya pili, akaishika mikononi. Kiti kiko wazi. Televisheni imewashwa, wachezaji wamejipanga katikati ya uwanja, wanangoja.

Hapo ndipo hadithi yangu inapofika, wasikilizaji, na zaidi ya hapo sina. Semkiwa aliona wa kwanza akasema papo hapo, na katika maisha yake yote ukweli haujawahi kumpatia hata kikombe kimoja cha chai. Nesi Zubeda alipata ubovu ambao mtu mwingine asingeupata, na amewapokea duniani watu wasiokuwa na dakika moja ya kusimama naye. Kibwana alidanganya siku kumi, kwa uongo uliowapa wote wanne siku kumi, na mwisho akasema ukweli wakati ukweli ulikuwa unamnyang'anya kiti. Kila mmoja aliondoa ubovu mmoja, na padi isingepona kwa wawili.

Msiniambie wacheze kwa zamu. Mama mwenyewe ameshawajibu. Msiniambie apewe wa kwanza, maana mwisho nao ulikuwa na kazi yake. Wewe uliyekaa pale nyuma, na wewe unayejifanya unatazama kucha zako, ingekuwa ni wewe umeshika ile padi, ungemkabidhi nani? Na ukishamkabidhi, hao wawili wanaovaa viatu mlangoni, ungewaambia nini?